Benchi la Biharamulo

Kila nilipokojoa nilikaza meno, na nilikwenda mbali migombani ili mke wangu asinisikie. Zahanati yetu hapa Mabawe niliiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Nesi wake anaimba kwaya moja na mke wangu, na midomo ya kwaya ile naijua.

Mke wangu alipoaga kwenda kumsalimia dada yake kule Nyabusozi, kesho yake nikapanda gari la Biharamulo, kwenda hospitali nisikojulikana. Kwenye benchi la wanaosubiri kupimwa magonjwa ya zinaa alikaa mwanamke aliyejifunika kanga hadi machoni. Kanga ile niliinunua mimi.

Akasogea, nikakaa. Tulitibiwa, tukapona. Mpaka leo hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake nani alianza.