Soksi Iliyopelekwa Legco

Mume wangu alipunguziwa pensheni kwa sababu alitembea vizuri. Nikisema hivyo watu hudhani natania. Sitanii. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la ofisi moja pale Thika, Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ikielekea mwisho, na nilimwona kwa macho yangu akijiharibia mambo.

Mguu wenyewe ulibaki Bama, kwenye vita na Wajapani, kabla hatujajuana. Mimi nilimkuta tayari ana mguu wa mti, umefungwa kwa mikanda ya ngozi chini ya goti. Mama yangu aliniuliza kama nimekosa wanaume wenye miguu miwili. Nikamwambia wenye miguu miwili nimewaona, wanaitumia kukimbia kazi. Mahari ikapokelewa.

Tulikaa Ruiru, nyuma ya stesheni. Yeye alishona viatu chini ya kibanda cha mabati, mimi nilichuma kahawa katika shamba la Mzungu mmoja upande wa Thika. Kazi yake ilikuwa ya kukaa, na hapo ndipo watu walipokosea kumwelewa. Walimwona asubuhi akienda kibandani, kifua mbele, fimbo ameibeba kwapani kama afisa, wakasema huyu hana shida. Jioni hawakumwona. Jioni mlango ulifungwa, watoto wakaambiwa watoke nje, mikanda ikafunguliwa, nami nikaleta karai la maji ya moto na chumvi. Ndani ya ule mguu alivaa soksi nene ya sufu, ya jeshi. Siku akiwa ametembea sana, soksi ilitoka na damu. Kigutu chake hakikuonwa na mtu mwingine yeyote, hata ndugu zake. Mimi tu.

Pensheni ya mguu, kama tulivyoiita, ndiyo iliyolipa karo ya watoto wetu wawili. Viatu na kahawa vilitutia chakula mdomoni, basi. Bila pensheni, shule ingekwisha, na mkubwa alikuwa amebakiza kidogo tu afanye mtihani.

Ikaja barua. Jirani mwalimu akatusomea. Serikali imeona malipo ya askari walioumia ni mengi, kwa hivyo kila mmoja apimwe upya, na atakayeonekana ana nguvu apunguziwe. Mimi nikaona ni jambo rahisi.

"Enda na magongo," nikamwambia. "Ukifika kaa chini, fungua mguu, waonyeshe."

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia aende uchi. "Mtu haendi mbele ya afisa amelegea kama gunia la viazi."

"Huyo afisa anataka kukunyang'anya chakula, baba watoto."

"Afisa ni afisa."

Jumapili yote, tangu tutoke kanisani, alikuwa akijitayarisha. Alipiga pasi kaptula ya kaki. Alisugua nishani kwa majivu. Alipaka rangi buti zote mbili, ya mguu wa nyama na ya mguu wa mti, mpaka zikang'aa sawasawa. Nilimwambia angalau ya mti aiache na vumbi. Akaisugua tena.

Tukachukua pasi za kusafiri, tukapanda treni. Kufika Thika, wui! Kumbe wote wamefanya vile vile. Wanaume wenye jicho moja, wenye vidole viwili, wote wamejipanga mstari, kaptula zimepigwa pasi. Mmoja, rafiki yake wa zamani, hakuwa na mkono wa kulia. Ule mkono mtupu wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kupigwa pasi ukawa na makali, ungeweza kukatia sukuma wiki. Walikuwa wameitwa kuangaliwa udhaifu, na walikuja kama wanaoenda paredi. Nadhani hakuna mahali pengine duniani watu wangefanya ujinga mtukufu kama huo.

Wanawake hatukuruhusiwa kuingia. Nikasimama dirishani. Afisa, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliita jina la mume wangu halafu akasema, kwa mazoea tu nafikiri, "Mguu sawa!"

Fimbo ikatupwa kwenye benchi. Akasimama wima. Akaambiwa atembee mpaka mlangoni, ageuke, arudi. Akatembea. Mimi nilijua kila hatua inakula nini ndani ya ile soksi, lakini usoni huoni kitu. Akageuka kule mlangoni kwa kisigino, akarudi, akapiga saluti. Afisa akasema vizuri sana. Na mume wangu akatabasamu. Hilo ndilo lililonichoma, kule kutabasamu. Daktari aliyekaa kando ya afisa hakumwambia afungue mguu wala nini, akaandika tu.

Alipotoka akaniuliza, "Umeona?"

"Nimeona," nikasema, nikatangulia stesheni.

Nyumbani soksi ilikuwa imelowa damu yote. Kila siku nilikuwa naifua jioni ile ile, lakini siku hiyo nilichemka. Nikaitupa kwenye debe tupu, nikalifunika na bamba. Nikasema hii leo sifui. Sikuwa na mpango wowote. Ilikuwa hasira tu.

Pensheni ikakatwa nusu. Ya rafiki asiye na mkono nayo ikakatwa, na za wengine wengi. Mkubwa wetu akarudishwa nyumbani na barua ya karo.

Wakati huo Waafrika wachache walikuwa wamechaguliwa kuingia Legco, baraza la kutunga sheria kule Nairobi, na mmoja wao alilishika jambo hili la askari akakataa kuliacha. Aliuliza kule barazani kwa nini watu waliotoa viungo vyao wapunguziwe. Bwana mmoja wa serikali akasimama kumjibu. Akasema watu hawa wako imara, na akatoa mfano wa mmoja wa Ruiru, mwenye mguu wa mti, aliyetembea chumba kizima bila fimbo, tena akicheka. Gazeti la Kiswahili likaandika. Sasa niambie, Ruiru ilikuwa na miguu ya mti mingapi?

Askari wa zamani wakaacha kuleta viatu kwa mume wangu. Yule asiye na mkono alikuja mlangoni kwetu, akakataa kiti.

"Atiriri, sikiza," akamwambia, "umetuvunja sisi wote kwa hatua zako."

Mume wangu alikuwa na kiatu mkononi. Aliendelea kukipiga nyundo hata baada ya mwenzake kuondoka, kiatu ambacho kilikuwa kimekwisha kushonwa. Nilimhurumia, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Tukasikia yule mjumbe wa Legco amepewa kibali cha kuongea na watu katika ukumbi wa Thika, kwa muda wa saa mbili tu, polisi mlangoni. Mume wangu akasema haendi kuonyeshwa watu vidole. Nikaenda peke yangu. Kiondo changu kilikuwa na mahindi juu, na chini yake soksi, nimeifunga kwa gazeti.

Mjumbe alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, suti imepauka mabegani, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Hakutupaka mafuta. Alisema ataleta hoja ya kuzuia upunguzaji, na huenda akashindwa, maana wanaompinga ni wengi. Akasema kila akisema watu hawa wanaumia, anajibiwa kwamba wametembea. Akaomba mtu asimame aeleze maumivu yake. Wazee wote wakaangalia mabati ya paa. Wangeeleza nini? Hao hata wake zao hawawaelezi.

Nikasimama mimi. "Huyo wa Ruiru ni mume wangu."

Ukumbi ukanung'unika. Nikasema kwa nguvu, "Alitembea kwa sababu aliambiwa atembee. Wangemwambia afungue mguu wangeona hii." Nikaitoa ile soksi. Ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi.

Mjumbe alikuja mpaka nilipokuwa, akashusha sauti. "Mama, mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Atakasirika?"

"Sana."

Akaiangalia ile soksi. "Sitataja jina lake."

"Ruiru nzima inalijua," nikamwambia. "Wewe chukua."

Akaichukua kwa mikono miwili. Kwenye treni nilijuta. Pale Juja nilitaka kuteremka nirudi nikainyang'anye. Aibu ya mume wangu, niliyoificha miaka yote, nilikuwa nimempa mtu wa suti aende nayo Nairobi.

Siku ya hoja, aliiweka mezani mbele ya wajumbe wote. Gazeti liliandika kwamba Mzungu mmoja wa mashamba aliomba kitu kile kichafu kiondolewe, na mjumbe akakataa. Alisema hii ndiyo safari ya kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, ile mliyoisifu. Kura zilipopigwa alishindwa, kama alivyotuambia. Lakini serikali iliona haya kidogo, ikatangaza kwamba waliopunguziwa watapimwa tena, mara hii wakiwa wameketi, na viungo vya mti vimefunguliwa.

Mume wangu alisomewa habari hiyo kibandani na mteja, kwa sauti, mbele ya watu. Akarudi nyumbani jua bado liko juu. Akaenda moja kwa moja kwenye debe, akafunua. Kumbe siku zote alijua iko pale.

"Soksi yangu iko wapi?"

"Iko Nairobi."

Akakaa kitandani. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitabeba nini.

"Uliifua?" akauliza.

"Sikuifua."

"Umepeleka soksi chafu mbele ya serikali."

"Ningeifua, ingesema nini?"

Siku tatu alikula chakula changu bila kuniangalia usoni. Mikanda alijifungulia mwenyewe, na maji ya chumvi akajiwekea.

Kabla ya siku ya kupimwa tena, nikamkuta anapaka rangi buti. Zote mbili! Ngai, nililia. Nililia wazi, sikujificha, nikasema, "Hujaona shida ya kutosha?" Aliendelea kupaka.

Thika, ofisi ile ile, dirisha lile lile. Wamewekewa viti safari hii. Wote wameketi, nishani zinang'aa, mikono yao kwenye magoti. Afisa yule yule akaingia na makaratasi, akayaweka mezani mbele yao, akafungua mdomo, na mazoea yakamtoka: "Mguu sawa!"

Wakasimama. Wote, kama watoto wa shule. Nilimwona mume wangu ameshika kiti, ameanza kuinuka, na nikasema moyoni basi, tumekwisha.

Halafu akarudi chini. Akainama, akafungua mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila haraka, mbele ya watu wote. Akautoa mguu na buti yake inayong'aa, akanyoosha mkono, akaulaza mezani juu ya makaratasi ya afisa.

"Huu hapa, afande," akasema. "Huu ndio uliotembea. Uamrishe huu. Mimi nitakaa."

Rafiki yake asiye na mkono alimwangalia, kisha naye akakaa. Wakakaa mmoja mmoja. Daktari akaja akachuchumaa, akaivuta soksi taratibu, akakiona kigutu. Alikuwa mtu wa kwanza kukiona baada yangu. Mume wangu aligeuza uso upande wa dirisha, akanikuta nipo, hakuondoa macho.

Walimrudishia yote. Wengi wa wenzake pia, ingawa si wote, na mjumbe aliendelea kuwasumbua kwa ajili ya waliobaki. Mkubwa wetu alifanya mtihani wake.

Siku hiyo tulipotoka ofisini, kigutu kilikuwa kimevimba, mguu wa mti haukuingia. Nilikuwa nimekuja na magongo, nimeyaficha nyuma ya ukuta bila kumwambia. Akayachukua. Akasimama kidogo pale barabarani akiwa na ule mguu kwapani, hajui aupeleke wapi, kisha akanipa.

"Nibebee," akasema.

Nikaubeba mpaka stesheni, buti ikiwa juu. Watu walituangalia njia nzima. Hakuharakisha.