Rainiel wa Pengoni

"Jenereta hiyo haitawaka hapa dukani labda niwe nimekufa," alisema Bi Viges.

"Basi kufa mapema," alisema Mzee Confesor, amepiga magoti mbele ya jenereta na bisibisi mkononi. "Mechi ni saa saba, na kukuzika nako kunataka muda."

"Moshi wake una sumu."

"Umekaanga mikate kwenye moshi tangu ujana wako, leo ndiyo unaogopa moshi."

"Wangu ni moshi wa chakula."

Bienvo mwenye duka alikuwa ameegemea kaunta, akiwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakuelewa kitu. Umeme ulikuwapo, ni kweli, lakini kule La Ceniza, nyuma ya kiwanda cha sukari cha San Pedro de Macorís, umeme ukiwapo ndipo watu huanza kuwa na wasiwasi. Mtaa mzima ulikuwa umeshaleta viti. Jumapili hiyo runinga ya dukani ingeonyesha mtoto wa La Ceniza akicheza besiboli Ligi Kuu ya Marekani, na mtoto mwenyewe ni Rainiel, mjukuu wa huyu huyu mama anayezuia jenereta.

"Bibi mwingine angeileta petroli mwenyewe," alisema Bienvo.

Bi Viges akasema kichwa kinamuuma, akachukua beseni lake la unga, akatoka.

Mambo yalikuwa mabaya kuliko alivyojua Bienvo. Jana yake Bi Viges alikuwa amemwashia mshumaa mtakatifu wake na kumwomba umeme ukatike. Mtakatifu huyo alizoea kuombwa umeme urudi, na pengine alidhani mama huyu amechanganyikiwa, maana tangu alfajiri taa hazikupepesa hata mara moja. Barafu ilikuwa imeganda katika majokofu ambayo wenyewe walishayafanya makabati ya viatu.

Rainiel aliachwa kwa bibi yake akiwa bado anajikojolea, mama yake alipokwenda Madrid kuosha wazee wa watu. Kwa maelezo ya Bi Viges, siku ya kwanza tu parachichi lilichomoka mtini, na mtoto akalidaka kabla halijaamua liangukie wapi. Baadaye kidogo alidaka nzi akiwa usingizini, akamwachia, kwa sababu nzi mwenyewe alikuwa bado mdogo. Majirani wao walishuhudia machache zaidi. Glavu yake ya kwanza ilikuwa boksi la maziwa lililopasuliwa ubavuni. Alicheza barabarani na wenzake kwa mpini wa fagio na kifuniko cha dumu la maji, na kifuniko hicho, ambacho hupepesuka hewani kama mlevi anayetafuta mlango wake, hakikuwahi kumpita.

Mtoto wa namna hiyo La Ceniza huwekwa pengoni. Pengo lenyewe, katika vile vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka, liko kati ya kituo cha pili na kituo cha tatu, na mipira mikali yote hupenda kupita hapo. Anayesimama pengoni lazima awe na miguu ya paka, na mkono wa kuurusha mpira kutoka huko mbali hadi kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. La Ceniza kila mwanamume aliwahi kucheza pengoni. Dereva wa basi alicheza pengoni. Mng'oa meno alicheza pengoni. Padri alicheza pengoni, na hadi leo akirusha maji ya baraka hayakosi paji la mtu. Mwenye mkono mfupi alisogezwa kituo cha pili, karibu na kituo cha kwanza, kama shangazi asiyejua kucheza ngoma anavyosogezwa jikoni siku ya harusi.

Mzee Confesor alicheza kituo cha pili.

Na Confesor ndiye aliyekuja kumposa Bi Viges enzi za ujana wao, na kuku wawili na shati la kuazima. Bi Viges alimjibu mbele ya watu kwamba hawezi kuolewa na mwanamume ambaye yeye mwenyewe hutema mate mbali kuliko anavyorusha mpira. Kuku hakuwarudisha. Akaolewa na Lisandro wa pengoni, mwenye mkono mrefu kuliko wote. Mkono huo ulifika hadi Puerto Rico na mwenyewe nyuma yake, na haukurudi. Confesor akaoa kwingine, akazaa, akafiwa na mkewe, akazeeka nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Viges, na kila Jumapili penye domino Bi Viges alimkumbusha ule mkono wake. Kama hilo halikutosha, Confesor huchechemea. Mguu wake wa kushoto una kovu refu tangu siku zile za timu ya kiwanda, na Bi Viges aliueleza mtaa kwamba aliumwa na bata. Alieleza vizuri mno. Bata huyo alikuwa na jina na mwenye kumfuga. Watoto wa Confesor wenyewe walikua wakiogopa bata.

Rainiel alipofika miaka kumi na sita, klabu ya Marekani ikamtia saini. Mtaa ukambeba mabegani mpaka bibi yake akaomba ashushwe ale. Kule ng'ambo akakuta kuna ligi ndogo, na chini yake ligi ndogo zaidi, na chini kabisa kiwanja ambacho watazamaji wake, alisema kwenye simu, walikuwa ng'ombe. Bi Viges alipoifikisha habari hiyo dukani, ng'ombe hao walikuwa wamelipa kiingilio. Akapanda ngazi hiyo taratibu, kiangazi hadi baridi, akilala kwenye mabasi, akila wali usio na ukoko, na kila alipopanda kidogo bibi yake alimpandisha zaidi.

Halafu bega likaumia. Lilipona, lakini mpira alioutupa kutoka pengoni ulianza kufika wakati mkimbiaji ameshafika na anajifuta vumbi. Siku moja Rainiel alipiga simu, akazungumza sana juu ya mvua, kisha akasema wamemhamishia kituo cha pili.

"Kwa muda gani?" aliuliza Bi Viges.

"Kwa muda wote, Mamá."

Bi Viges alikwenda kufunga mlango kwanza.

"Umemwambia mtu?"

"Hapana."

"Basi usiseme. Huku nitapanga mimi."

Akapanga. Mechi za ligi ndogo hazionyeshwi popote, kwa hiyo mwaka ule na nusu ya uliofuata Rainiel alicheza kituo cha pili Marekani na pengoni La Ceniza. Alicheza pengoni vizuri kuliko zamani. Mwezi wa nne alidaka mpira ambao mpigaji alikuwa bado hajaupiga.

Jumamosi simu ikalia. Kijana wa kituo cha pili huko Ligi Kuu alikuwa amevunjika kidole, Rainiel ameitwa, na Jumapili ataanza. Kabla hajamaliza sentensi bibi yake alikuwa ameshatoka barabarani kupiga vigelegele. Alipoirudia simu, kijana alikuwa bado anangoja.

"Mamá, watu wanajua ninacheza wapi?"

Bi Viges akasema simu inakwaruza.

"Haikwaruzi. Nikitoka uwanjani nataka mnitazame pale nilipo. Mkinitafuta upande mwingine nitajua, hata nikiwa huku. Nitasimama pale nikiona aibu, na mtu mwenye aibu hadaki mpira. Waambie leo."

Akaahidi. Na sasa ilikuwa Jumapili, adhuhuri imepita, na alichokuwa amefanya ni kuwasha mshumaa na kuiba petroli.

Confesor alimkuta uani kwake, nyuma ya jiko, ameketi na sketi imetandazwa pande zote, anakanda unga mapajani.

"Rudisha petroli, Viges."

"Petroli gani?"

"Hiyo unayoikalia."

"Hiki ni kiti."

"Kinanuka."

"Wewe nawe unanuka, na sijakuita petroli."

Confesor hakucheka. Akavuta ndoo, akaifudikiza, akaketi na kunyoosha ule mguu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mbaazi, kwamba mtoto yuko kituo cha pili, basi aachwe watu wamwone huko huko kituo cha pili.

Mikono ya Bi Viges ikasimama ndani ya unga.

"Nani kakwambia?"

"Yeye."

Ndivyo ilivyokuwa. Krismasi iliyopita, Rainiel alipokuwa nyumbani na kuaga kila alfajiri kwamba anakwenda kukimbia, alikuwa anakwenda kumgongea Confesor dirisha. Wawili hao walishuka hadi uwanja wa zamani wa kiwanda, wakawafukuza mbuzi, na Confesor akawa anamrushia mipira na kumpigia kelele mpaka jua lichomoze. Bi Viges alikumbuka zile fulana alizozifua, zenye vumbi mgongoni. Alishangaa wakati ule ni mbio gani hizo za kinyumenyume.

"Ulikuwa unamfundisha nini, na huo mkono wako?"

"Mkono hauhusiki. Wa pengoni anamwona mkimbiaji anayekuja akiteleza, viatu vya misumari mbele, kumvunja miguu. Wa kituo cha pili anaupokea mpira amempa mgongo. Hamwoni. Anamsikia tu." Confesor alijikuna kidevu. "Nilimfundisha kusikia."

Bi Viges akautazama mguu ulionyooshwa mbele yake, akalitazama kovu.

"Na wewe?"

"Mimi sikusikia."

Kuku walipita kati yao. Hakuna aliyewafukuza.

"Umejua tangu Krismasi," alisema Bi Viges.

"Ndiyo."

"Na mimi nakutukana kila Jumapili mbele ya Bienvo."

"Ulikuwa unatukana vizuri. Sikutaka kukukatiza."

Akaongeza kwamba mtoto alimpigia na yeye jana, kuuliza swali moja tu, kama bibi ameshasema. Hakujua amjibu nini.

Bi Viges akalisukuma beseni pembeni, akainuka. Kiti kilikuwa cha plastiki, cha njano, chenye mfuniko. Akakibeba mwenyewe, maana Confesor hutembea polepole.

Walipofika mlangoni pa duka ndipo umeme ulipokatika. Mtakatifu alikuwa amelishughulikia ombi, kwa kuchelewa, kama wafanyavyo wote wenye kazi nyingi. Watu waliguna kwa pamoja, na mahali pale palipojaa viti, sahani za wali wa mbaazi na watoto waliopakatwa pakawa na giza la mchana.

"Tia petroli upesi," Bi Viges alimwambia Bienvo, akimkabidhi dumu.

"Hili dumu tumelitafuta tangu asubuhi."

"Ndilo hili. Tia."

Jenereta ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma, runinga ikafumbua jicho lake la buluu. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba siri ya muda wote ule ilibidi itolewe kwa kupaza sauti. Bi Viges akasimama mbele ya runinga, akaificha kwa upana wake.

"Rainiel hachezi pengoni," alisema. "Anacheza kituo cha pili."

Walimtazama.

"Kuanzia leo?" aliuliza Bienvo.

"Tangu mwaka jana."

Hatimaye Tirso dereva wa basi, aliyewahi kucheza pengoni kwa wiki mbili na kulisimulia jambo hilo tangu hapo, akauliza kwa heshima habari za ule mpira wa mwezi wa nne, ule uliodakwa pengoni kabla haujapigwa.

"Huo niliudaka mimi," alisema Bi Viges.

"Lakini si wewe mwenyewe uliyesema kituo cha pili ni pa kuwekea—"

"Nilisema mengi." Alikuwa amefungua mdomo kuendelea, na wanaomfahamu waliliona tayari likija jingine la chumvi, la yeye kuwapigia simu Wamarekani na kuwaamuru wamhamishe. Lilifika hadi kwenye meno. Akamtazama Confesor, aliyekuwa bado mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, amejishika kwenye fremu ili kupumzisha mguu. Akalimeza. "Anacheza kituo cha pili kama Confesor alivyocheza. Na Confesor ndiye aliyemfundisha. Na huo mguu wake haukuumwa na bata."

Hilo la mwisho liliwashtua kuliko yote. Binti wa Confesor, mwanamke mzima mwenye watoto shuleni, aliweka sahani chini.

"Haukuumwa na bata?"

"Hapakuwa na bata."

"Bi Viges, bata mwenyewe alikuwa na jina."

"Jina nililitoa kwa shemeji yangu."

Tirso akampisha Confesor kiti chake bila kuambiwa. Confesor akakivuta, akakikagua, akamsukumia Bi Viges, na kwa kuwa Bi Viges naye hakutaka kukaa, kiti kikabaki kitupu katikati yao, na kila mmoja amekishika upande wake wa mgongo.

"Sasa kama si bata," alisema Bienvo, akiinama juu ya kaunta, "huo mguu ulikuwa ni—"

Runingani vijana walikuwa wanatoka kwenye benchi lao, wakikimbia. Mmoja wao hakukimbia. Alikuja anatembea, mdogo kuliko wenzake, kofia imemfika masikioni, anafuata mstari wa chokaa bila kuukanyaga. Kwa mazoea macho yote ya duka yalikwenda pengoni, yakamkuta mtu mrefu wasiyemjua. Kisha, kichwa kimoja kimoja, yakahamia upande wa pili, kwa Rainiel.

Bienvo hakumaliza swali lake.