Uwanja wa Bi Vermelle Hauoti Nyasi

Saa moja asubuhi, Vermelle Manigault ameinama mbele ya kibanda cha mbao, anafagia. Fagio lake ni vijiti alivyokata mwenyewe msituni. Nyuma yake, bustani za jumba la Tolliver, shamba la enzi za utumwa ambalo sasa watalii hulipia kuliona, zimechanua hadi zinakera. Mbele ya kibanda hakuna hata jani, ni udongo mtupu wenye mistari ya fagio.

"Bustani ya hapa iko wapi?" anauliza mgeni mwenye kofia pana.

"Umeikanyaga, mama. Rudi nyuma kidogo."

Vermelle, mwenye miaka sitini na tatu, ametunza bustani hizi za Karolina Kusini kwa miaka kumi na tisa. Babu wa babu yake alilima mpunga hapa akiwa mtumwa. Bibi yake alizaliwa katika kibanda hiki, na kila asubuhi alifagia uwanja huu ili nyoka asipate pa kujificha na nyayo za mpita njia zionekane.

Jumba lilipokarabatiwa, wataalamu walikuja na ramani zao. Walijua kila ua alilopenda mke wa mwenye shamba. Uwanja wa vibanda vya watumwa wakadhani umekauka tu, wakapanda nyasi. Vermelle alizing'oa kwa jembe siku tatu mfululizo.

Sasa meneja mpya, Craig Lathrop, ameagiza nyasi nyingine. Zitatandikwa Ijumaa, maana Jumamosi kuna harusi na maharusi wanataka picha za kijani.

"Bi Vermelle, ni nyasi tu jamani," anamwambia, mwandishi wa makala haya akisikia.

"Basi zitandike sebuleni kwako."

"Watu wataona pameachwa ovyo."

"Ovyo? Mwanangu, watu wangu walipangiwa wale nini, walale saa ngapi, wauzwe lini. Uwanja huu tu ndio waliupanga wenyewe. Hauguswi!"

"Unajua naweza kukuachisha kazi."

"Niachishe. Nitakata tiketi kama hao wenye kofia, niingie na fagio langu."

Hatanii. Ameshawaita akina mama ishirini na wawili wa kanisani kwake. Ijumaa watasimama hapa tangu asubuhi, kila mmoja na fagio lake, na anayetaka kutandika nyasi atawaomba wapishe.

"Hatupishi," anasema.

Lathrop anaondoka kwa kukatiza katikati ya uwanja. Vermelle anamsubiri afike kwenye njia ya kokoto, kisha anainama na kufagia nyayo zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.