Viatu vya Mume Asiyekuwepo

Juzi, katika ofisi moja ya Woolwich huku ughaibuni, nilipanga foleni nyuma ya mama wa Goma aliyekuja kuomba benefiti, yaani pesa za msaada wa serikali, kwa kuwa analea wanawe wawili peke yake. Afisa alimkazia macho.

"Mkaguzi wetu aliona viatu vikubwa vya kiume mlangoni kwako. Ni vya nani?"

"Ni vya mtumba. Kwetu mwanamke anayekaa peke yake huviweka pale ili wezi wadhani kuna mume."

Afisa akaguna. "Basi mlete mwenye viatu aje aseme kwamba hakai kwako."

Mama akageuka, akaitazama miguu yangu, akaninong'oneza, "Kaka, unavaa namba ngapi?"

Nilimwonea huruma, lakini nilirudi nyuma. Ofisi ile unaweza kuingia kapera, ukatoka na mke na watoto wawili.