Nyangumi wa Jumapili ya Vijana

Jamani, mpaka leo nikiingia kanisani kwetu Mbooni kuna akina mama wanaovuta miguu chini ya benchi wakicheka, na sina wa kulaumu, maana uvivu ulikuwa wangu mwenyewe.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa mjini Wote nikijifunza kutengeneza katuni kwa kompyuta. Baba, mzee wa kanisa na mkulima asiyependa mzaha, alikuwa amechoka kunilipia kitu asichokiona. Akasema, "Mwende, Jumapili ya vijana lete hiyo kazi tuione. Ikiwa ni upuzi, Jumatatu unarudi shamba." Niliogopa sana, lakini nikaahidi nyangumi (bahari yenyewe sijawahi kuiona, ila mdomo ninao).

Sasa, mnyama wa kompyuta hasogei mpaka umwekee mifupa ndani, mmoja mmoja, na kila mfupa uufundishe mwendo wake. Zilikuwa zimebaki siku mbili, na mimi nilikuwa na ng'ombe niliyemmaliza muhula uliopita, mifupa yote, miendo yote, nikajiambia nani hapa anamjua nyangumi, nikamvua ng'ombe ngozi, nikamtoa miguu, nikamvalisha ngozi ya nyangumi, halafu yale maji ya kuruka kutoka kichwani nikayafunga haraka haraka kwenye mfupa mmoja, wala sikuangalia mara ya pili ni upi.

Jumapili jenereta ikawashwa, kompyuta ikawekwa mbele, watu wakajaa hadi madirishani. Nyangumi akaogelea vizuri, nami nikavimba kichwa. Mara akasimama. Akatafuna kidogo. Kisha akainua mkia polepole, akaupinda kando, na kwa watu waliofuga ng'ombe maisha yao yote, hiyo haihitaji mhubiri kuieleza.

"Wooi! Sogeeni, huyu anataka kuachilia!" mama mmoja wa mbele akapiga kelele, benchi nzima ikavuta miguu, na hapo ndipo maji yakaruka, kutoka huko huko chini ya mkia. Pasta alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtetemeka. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba akaniita nje. Nikaanza kuiaga kompyuta moyoni.

"Huo mkia uliuangalia wapi?"

"Kwa ng'ombe wetu, Baba."

"Ni mkia wa ng'ombe kabisa. Mtu anayeweza kuona hivyo hawezi kuwa anacheza. Jumatatu rudi Wote." Akashika ua wa kanisa asianguke, kicheko kikamshinda. "Lakini wewe, uulize huko samaki hukojoa wapi!"

Nilirudi, na tangu siku hiyo kila mnyama namtengenezea mifupa yake mwenyewe, hata awe panya.