Hinnerk na Mzinga Uliozama

Mlio wa minyororo ya chuma juu ya mawe ya barabara, kama mtu anayesaga meno usingizini: huo ndio ninaoukumbuka kabla ya mengine yote. Nilikuwa msichana wa shule. Baba yangu alikuwa mwoka mikate wa kijiji chetu, Brandwede, na asubuhi ile ya Aprili, vita vikiwa vinakata roho, ukungu ulikuwa umetanda hata kisima hukioni kutoka mlangoni. Mlio ukaja, ukafika mbele ya duka letu, ukanyamaza. Baba akaliweka chini koleo lake la tanuri.

"Lina minyororo," akasema, "lakini si kifaru. Kifaru hutikisa vikombe."

Lilikuwa gari la chuma la nusu kwa nusu: mbele magurudumu mawili kama lori, nyuma minyororo. Juu yake walikuwa wamepachika mzinga wa kupigia vifaru, mrefu na mzito kupita nguvu za gari lenyewe, ukalifanya lionekane kama punda aliyebebeshwa kabati. Na aliyeshika usukani alikuwa Hinnerk Tiedemann, mtoto wa Meta Tiedemann wa nyumba ya mwisho, ambaye kabla ya vita alikuwa akikata udongo mweusi wa kinamasi, ule tunaoukausha kuwa kuni. Vita vilikuwa vimemrudisha nyumbani kinyumenyume.

Mzinga ule ulikuwa na kilema chake. Mlenga shabaha aliweza kuusogeza kidogo tu, kushoto au kulia. Zaidi ya hapo ilibidi gari zima ligeuke. Injini ikinguruma, neno halisikiki. Kwa hiyo mlengaji, aliyekaa nyuma ya dereva, alimwongoza kwa mkono. Akimgusa bega la kulia, dereva anageuza kulia. La kushoto, kushoto. Yote mawili, anasimama. Mlengaji wa Hinnerk aliitwa Emil Kubitz, mtu wa mashariki, mwembamba, mwenye masikio makubwa. "Tulikuwa kama mtu na farasi wake," Hinnerk aliniambia miaka mingi baadaye. "Ila farasi nilikuwa mimi."

Sajini wao alikuwa na amri ya kuuweka mzinga penye daraja la mfereji, mwisho wa kijiji, kuwangoja Waingereza. Sote tulijua maana yake. Siku iliyotangulia mzinga kama ule ulikuwa umepiga kutoka Heidbrook, kijiji jirani, na Waingereza wakajibu mpaka kanisa likabaki kuta. Moshi wa Heidbrook ulikuwa bado kwenye nguo zetu kambani.

Mama Meta alitoka na viatu vyake vya mbao, akasimama mbele ya gari. Mwanawe hakumtazama.

"Bwana sajini, hapa kuna watoto na ng'ombe."

"Mama, nina amri."

"Na hiyo amri, imewahi kukamua ng'ombe?"

Askari wakacheka. Sajini hakucheka. Alitangulia kwa miguu kwenda darajani kuchagua mahali, akaagiza gari limfuate likishatiwa grisi. Maana minyororo ile ilitaka grisi kama mtoto anavyotaka maziwa. Kila pingili ina kitundu chake, na dereva asiyekijaza hufika kwa miguu. Hinnerk na Emil wakapiga magoti kwenye mawe, huyu upande huu na yule upande ule, bila kusemezana. Baba akanituma niwapelekee mkate. Emil aliupokea kwa mikono iliyojaa grisi, akanishukuru kama anayemshukuru mtu mzima. Ukungu ulikuwa unainuka kidogo. Aliitazama kwa muda mrefu ile miti yenye gome jeupe iliyoanza kuonekana upande wa kushoto, nje ya kijiji, mkate mkononi.

Pale nje njia inagawanyika. Barabara yenyewe, iliyo juu ya tuta, inakwenda moja kwa moja darajani, mbaya, yenye mashimo. Upande wa kushoto kuna majani mabichi yaliyolala sawasawa, na miti myeupe imejipanga pande zote mbili, utasema ni barabara ya kwenda kwa mtu mwenye fedha. Wageni huipenda. Mchuuzi mmoja wa brashi alimpoteza farasi wake hapo, pamoja na mkokoteni mzima wa brashi. Mtoto wa Brandwede hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: miti ile huota kwenye kingo za mashimo ya kale ya kukatia udongo, na kati yake hakuna ardhi, kuna maji yaliyovaa majani.

Gari likawashwa. Tuliusikia mlio ukipita nyumba ya mwisho, ukafika penye njia panda, ukapungua kana kwamba linataka kusimama. Kisha ukawa mlaini. Baba akainua kichwa. Minyororo ilikuwa imeacha mawe.

Tulipofika mbio, lilikuwa limeinamisha pua, maana uzito wote wa mzinga ulikuwa mbele, na tope lilikuwa linalimeza polepole bila haraka yoyote. Hinnerk, Emil na mpakiaji wao wa makombora, Lorenz, walikuwa wamesimama kwenye kichuguu cha nyasi, weusi hadi kifuani. Lorenz alikuwa anatukana. Wale wawili walikuwa wanalitazama gari likizama.

Sajini alikuja akikimbia, bastola mkononi.

"Tiedemann! Hiki si kijiji chako? Hukuzaliwa hapa?"

Mama Meta aliitazama miti, akalitazama gari, akamtazama mwanawe. Halafu akavua kiatu chake cha mbao, akaingia kwenye tope, akampiga nacho kichwani.

"Mpumbavu wee! Nimezaa bata! Afadhali bata, angeogelea! Tangu utoto wake anapotea huyu, bwana sajini! Kanisani alipotea! Nyuma ya jeneza la baba yake alipotea, tukamkuta kwenye maziko ya mtu mwingine!"

Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Baba yangu akavua kofia. "Ni kweli, bwana sajini. Kuna siku alipotea akienda chooni. Tukamwimbia ndipo akarudi."

"Mke wangu alimwekea bendera kwenye njia ya zizini," akadakia mwingine.

"Jeshini walimpa gari? Gari! Ndiyo maana tunashindwa!"

Wote wakaingia, kila mtu na uongo wake, na askari wakaanza kucheka, wakicheka kama watu waliokuwa wamesahau namna ya kucheka. Mama Meta aliendelea kupiga. Sajini alimtazama yule mwanamke na kiatu chake. Akairudisha bastola mahali pake.

"Sitamaliza risasi kwa mtu ambaye mama yake atamuua bure," akasema.

Akawagawia bunduki, wakaondoka kwa miguu kuufuata mfereji. Kesho yake Emil Kubitz aliuawa penye lango la maji la mfereji, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Hinnerk alitekwa papo hapo. Waingereza waliingia Brandwede tukiwa tumetundika mashuka meupe madirishani kuonyesha tumesalimu amri, bila mlio wa risasi, na baba aliwasha tanuri saa yake ya kawaida.

Hinnerk alirudi kutoka kifungo cha mateka amekonda, akapewa lori la kukusanya maziwa. Aliliendesha maisha yake yote. Alimwoa Gesine, mjane wa fundi wa paa, akamzika, akabaki na kuku wake. Alikuwa mtu wa kiasi: kabichi na soseji Jumamosi, kanisani sikukuu tu. Alikuwa na mazoea mawili. Hakugeuza shingo: ukimwita, aligeuka mwili mzima kama gari lake. Na hakutaka kuguswa bega la kushoto. Mgeni mmoja alimgusa hapo kwenye sherehe, akimwomba nafasi apite. Hinnerk alidondosha bilauri ya bia, akatoka nje. Tangu hapo tuliwaonya wageni: gusa la kulia.

Kwetu watu hawashukuriani. Asiyekaripiwa ameshasifiwa, ndivyo wazee wetu walivyotulea. Kwa hiyo kijiji kilimlipa Hinnerk kwa namna yake: kilimdhihaki. Kila kiangazi, kwenye sikukuu ya kijiji ya mashindano ya kulenga shabaha, mtu alipaza sauti, "Hinnerk, tuonyeshe njia ya darajani!" na watu wakagonga meza, na bia yake ilikuwa imeshafika. Hakununua bia siku ile hata mwaka mmoja. Naye hakuna aliyemuuliza kitu. Kuuliza kungekuwa ni kushukuru.

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame mkubwa. Kinamasi kilinywea, na kati ya miti myeupe ukatokeza mdomo wa mzinga, kama pua ya mtu anayeoga. Cord Behnken, mkuu wa zimamoto wetu wa kujitolea, akaleta winchi na matrekta, na gazeti likaandika. Siku ya kuvuta, kijiji kizima kilikuwa pale na keki za siagi, na katikati ya watu akatokea mwanamke mwenye gauni la kijivu na mkoba aliouning'iniza mkononi. Alikuwa ametoka miji ya migodi, magharibi, kwa treni na basi.

"Ninaitwa Waltraud Kubitz," akasema. "Emil alikuwa kaka yangu. Ninamtafuta dereva."

Kelele zikashuka. Cord, mtu mwema asiyejua kunyamaza, akaruka: "Ah, mama, dereva wetu! Huyu hapa. Hajui kushoto wala kulia!"

"Alipotea akienda chooni," akasema mtu nyuma, kwa mazoea, lakini hakuna aliyecheka.

Waltraud hakuwatazama. "Lorenz alifika kwetu baada ya vita," akamwambia Hinnerk. "Alituambia Emil aliuawa kwa sababu ya dereva mjinga aliyepoteza njia, wakabaki bila gari. Mama yangu alikufa akikulaani, bwana Tiedemann. Mimi sikuja kukulaani. Nimekuja kuuliza kitu kimoja." Akaielekezea mkono ile miti. "Kwetu mashariki, kabla vita havijatuhamisha, tulikuwa na kinamasi kama hiki. Emil alikata nyasi humo tangu mdogo. Miti hii aliijua kuliko alivyoyajua majina yetu. Asingekubali kupitishwa hapa. Sasa niambie: alikuwa amelewa? Alikuwa amelala? Au alikuwa ameshajeruhiwa, na nyinyi mkatuficha?"

Nyuma yao winchi ilianza kulia, na chuma kikatoka kwenye tope kikidondosha maji meusi: kwanza mzinga, kisha ngao yake, kisha kiti cha mlengaji, na mbele yake, karibu kabisa, kiti cha dereva. Hinnerk aligeuka mwili mzima kukitazama, akageuka tena kwake. Mkono wake wa kulia ulipanda begani kwake, upande wa pili, ukatulia hapo.

"Lorenz alikuwa ametazama nyuma," akasema. "Hakuona. Ilikuwa hivi, mama. Kelele ilikuwa kubwa, hatukuweza kusema. Aliniongoza kwa mkono wake, kila siku, akinigusa bega upande aliotaka nigeukie. Pale njia panda niliijua njia. Niliijua vizuri sana. Nilitaka kuligeuza gari litumbukie majini, na mikono ikakataa. Nilimwogopa sajini. Nilikuwa ninakwenda darajani."

Cord alikuwa amezima winchi. Waltraud alisogea karibu, kwa sababu sauti ya Hinnerk ilikuwa imeshuka mno, na mimi niliyekuwa nimeshika sahani ya keki kando yao nilisikia kwa shida.

"Emil alinigusa la kushoto," akasema.