Siku Sista Leokadia Alipopelekwa Nyumbani

Sista Verdiana Kokubanza aliingia monasteri ya Wabenediktini huko Muleba akiwa na miaka kumi na tisa, na aliyempokea mlangoni alikuwa Sista Leokadia, mlezi wa wanovisi, wasichana wanaoanza utawa. Leo Verdiana ana miaka sitini na mbili. Mpaka mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha Leokadia, kumlisha ndizi zilizopondwa na kumbadilisha nguo alipojikojolea. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inasema mgonjwa ahudumiwe kama Kristo mwenyewe. Verdiana aliwafundisha wanovisi maneno hayo, enzi zile wanovisi walipokuwepo. Sasa masista wamebaki sita, na wanaoweza kushika jembe ni wawili.

Leokadia alisahau kidogo kidogo. Kwanza Kiswahili kilimtoka, kikabaki Kihaya. Kisha zikamtoka zaburi alizoziimba kila siku kwa miaka zaidi ya sitini. Wenzake walipoimba, yeye alikaa akitazama mlango wa kanisa.

"Ntwala omuka," alisema kila asubuhi. Nipeleke nyumbani. "Maawe ananisubiri." Maawe, yaani mama yake.

"Nyumbani ni hapa, Mama."

"Hapa ni kwa watu."

Verdiana alichomwa na maneno hayo kuliko alivyopenda kukiri. Alipokuwa mnovisi, mama yake mzazi aliugua sana kule Kamachumu. Aliomba ruhusa akamwone. Leokadia alikataa. "Ulishaaga," alimwambia, basi. Mama yake alizikwa Jumanne, yeye akiwa shambani anapalilia maharage. Hakulia mbele ya mtu, wala hakuwahi kuuliza.

Mwezi wa sita mwaka jana Leokadia aligoma kula. Siku ya nne, Verdiana alimwendea Mama Mkuu akaomba gari. Wakampeleka Buhembe, pembezoni mwa mji, kwenye kibanja cha baba yake, shamba la migomba alikozaliwa.

Walikuta ukuta wa matofali na geti jekundu. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Audax, mtoto wa kaka yake Leokadia, alitoka kwenye chumba alichopanga jirani, akawaamkia macho yakiwa chini.

"Niliuza, Sista. Mnyauko ulimaliza migomba yote. Watoto ningewalisha nini?"

"Na makaburi ya wazee?"

"Yamo humo ndani."

"Uliuza na makaburi, Audax?"

Leokadia alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili, akimwita mama yake kwa sauti nyembamba, kama mtoto aliyefungiwa nje. Humo ndani mbwa alibweka, lakini hakuna mtu aliyekuja. Alipoishiwa nguvu, walimbeba hadi kwenye gari.

Walikuwa wameshauacha mji nyuma Verdiana alipopata ujasiri.

"Mama, kwa nini ulinikatalia kwenda kumwona mama yangu?"

Leokadia alimgeukia, akamtazama kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha alipokuwa na akili zake.

"Wewe ni binti wa nani?"

Verdiana alimtajia jina la mama yake, na kijiji. Bibi kizee alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. Hakuwafahamu watu hao.

Alifariki wiki tatu baadaye, bila kula tena chochote zaidi ya uji. Verdiana alimwosha, akamvika vazi la utawa. Kwenye maziko watu walimshika mkono, wakamwambia amekuwa binti mwema, Mungu atamlipa. Aliwaitikia wote.

Mama Mkuu alimwita wiki iliyofuata. Sista Justa ameanza kupotea njia ya kutoka kisimani, alisema. Je, Verdiana angempokea? Akasema ndiyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alitandika shuka safi kwenye kitanda alichokuwa akilalia Leokadia, akaketi juu yake ili asali kidogo kabla Justa hajaletwa. Alikaa hivyo muda mrefu, mikono mapajani, na hakupata hata neno moja la kumwambia Mungu.